Msongamano hospitalini, gerezani na shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hospitali, gereza na shule ya umma ni taasisi tatu zenye kazi tofauti kabisa, lakini kuna jambo moja linalozifanya ndugu: haziwezi kubandika tangazo mlangoni kwamba zimejaa. Mgonjwa mahututi haambiwi arudi wiki ijayo. Hakimu akishatia saini hati ya kifungo, mkuu wa gereza hana pa kuchomokea. Mtoto aliyefikia umri wa shule ana haki ya kuandikishwa, dawati liwepo lisiwepo. Ndiyo maana maswali ya wodini, selo na darasani hufanana, na nimeyajibu kwa pamoja.

Taasisi huhesabiwa kuwa imejaa kupita kiasi ikifika wapi?

Inategemea anayehesabu ni nani na anahesabu nini.

Kwa magereza kuna namba mbili, na mara nyingi hazitajwi kwa pamoja. Ya kwanza ni idadi ambayo jengo lilichorewa tangu mwanzo. Ya pili ni idadi ambayo uongozi unasema jengo linaweza kubeba sasa, baada ya kuingiza vitanda vya deka na kugeuza bwalo au stoo kuwa mabweni. Ukisikia gereza lina asilimia 110, uliza ni asilimia 110 ya namba ipi. Vitanda vikiongezwa bila choo hata kimoja kuongezwa, msongamano hupungua kwenye karatasi peke yake.

Kipimo kisichodanganya kirahisi ni nafasi ya sakafu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutumia mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika bweni. Kamati ya Baraza la Ulaya inayokagua maeneo ya kizuizi huweka mita za mraba 4 kwa mtu katika selo ya watu wengi na 6 kwa selo ya mtu mmoja, choo hakihesabiwi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Muršić dhidi ya Kroatia ya 2016, ilisema mtu akiwa na chini ya mita za mraba 3 katika selo ya pamoja, serikali ndiyo yenye mzigo wa kueleza kwa nini huo usiwe udhalilishaji. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, hazitaji mita. Zinataka nafasi ya sakafu, hewa, mwanga na dirisha la kutosha.

Hospitalini watu huhesabu vitanda, na hapo ndipo wanapokosea. Kitanda kisicho na muuguzi wa kukihudumia ni samani. Wodi inaweza kuwa na nafasi tele na bado ikawa imezidiwa kwa sababu usiku kuna muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini.

Shuleni jihadhari na wastani. Shule ikisema ina wanafunzi 60 kwa darasa, darasa la kwanza linaweza kuwa na 110 na la mwisho 30, kwa sababu watoto wengi huacha njiani. Hesabu pia matundu ya vyoo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni tundu moja kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila 50.

Kwa nini hospitali inasema imezidiwa na mimi nimeona vitanda vitupu?

Kwa sababu wagonjwa hawaji kwa mstari ulionyooka. Leo wanalazwa wanane, kesho kumi na tisa. Hospitali inayojaza vitanda vyote siku ya kawaida haina pa kuwaweka wale wa siku mbaya. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1999, uliotumia kompyuta kuigiza mwenendo wa hospitali, ulionyesha hatari huanza kuonekana pale wastani wa vitanda vilivyojaa unapovuka asilimia 85 hivi, na kwamba ukifika 90 hospitali hukosa vitanda mara kwa mara.

Hesabu ya foleni inaeleza sababu. Chukua mhudumu mmoja na wateja wanaokuja bila mpangilio. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, anayefika husubiri kwa wastani mara nne ya muda wa kuhudumiwa mtu mmoja. Kazi ikifika asilimia 90, kusubiri kunakuwa mara tisa. Ikifika 95, mara kumi na tisa. Ukiwa na vitanda vingi makali hupungua, lakini umbo ni lile lile: asilimia tano za mwisho ndizo zinazoua. Mkaguzi wa hesabu anayeviona vitanda vitupu kama ubadhirifu anapaswa kuonyeshwa namba hizi.

Chanzo kikuu si ongezeko la watu?

Ongezeko la watu ni nusu ya jibu, na ndiyo nusu inayosemwa kila siku. Nusu nyingine ni muda ambao kila mtu anakaa ndani.

Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi: idadi ya walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa siku mara siku ambazo kila mmoja anakaa. Tuseme wodi inapokea wagonjwa 10 kwa siku na kila mmoja anakaa siku 6. Inahitaji vitanda 60. Muda ukishuka hadi siku 5, vitanda 50 vinatosha, na hakuna tofali lililojengwa. Ukipanda hadi siku 8, unahitaji 80, na watu 20 watalala chini ingawa hakuna ugonjwa mpya uliozuka.

Gerezani ni hivyo hivyo. Mahabusu akisubiri kesi miaka miwili badala ya miezi sita, gereza litahitaji nafasi mara nne kwa idadi ile ile ya wanaokamatwa. Sheria inapoongeza vifungo, athari haionekani mwaka huo. Inaonekana miaka mitano au kumi baadaye, pale ambapo waliopaswa kuwa nyumbani bado wako ndani na wapya wanaendelea kuingia. Mbunge aliyeipigia makofi wakati huo pengine hayupo tena bungeni.

Shuleni mlango wa kuingilia una uzito zaidi. Malawi ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1994, wanafunzi walipanda kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 ndani ya mwaka mmoja. Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2003 waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Hayo yalikuwa mafanikio. Hao walikuwa watoto waliofungiwa nje kwa sababu ya ada. Lakini hata shuleni muda wa kukaa upo: mtoto anayerudia darasa anachukua kiti cha mwaka wa pili. Madarasa ya mwanzo yenye warudiaji wengi hufurika, mwalimu anashindwa kuwafikia wote, wengi hawafaulu, wanarudia tena, na darasa linazidi kufurika.

Mgonjwa wetu kapewa ruhusa asubuhi, mbona jioni bado yuko kitandani?

Fuata karatasi yake. Daktari anapita wodini saa nne na kusema mama huyu aende nyumbani. Anaendelea na raundi hadi saa saba, kisha ndipo anakaa kuandika ruhusa za wote. Faili linakwenda dirisha la malipo. Dawa za kwenda nazo zinasubiri famasi, nayo iko na foleni ya wagonjwa wa nje. Ndugu wa kumchukua amepigiwa simu saa nane, atatoka kazini saa kumi na moja. Wakati huohuo mapokezi ya dharura yamejaa tangu adhuhuri, na kuna mgonjwa juu ya machela ukumbini anayekisubiri kitanda hicho hicho.

Hakuna aliyezembea hapo. Ila kitanda kimoja kimepotea kwa muda wa saa nane, na wodi ikiwa na ruhusa kumi kwa siku, ni saa themanini za kitanda. Hospitali zinazoandaa ruhusa jana yake jioni, zikampigia ndugu mapema na kumweka mgonjwa kwenye chumba cha kusubiria akiwa amevaa nguo zake, hupata vitanda bila kununua kimoja.

Halafu kuna wanaobaki kwa sababu hawana pa kwenda: mzee asiye na wa kumtunza, au mgonjwa aliyepona lakini amezuiwa kwa sababu ya bili. Hilo la bili bado linafanyika katika nchi kadhaa, na kwangu ni upuuzi hata kwa jicho la mhasibu. Hospitali inamlisha asiye na fedha ili kumlazimisha awe nazo, huku ikikosa kitanda cha mgonjwa mwingine. Ni mtindo wa kale. John Howard, alipokuwa msimamizi wa jela ya Bedfordshire huko Uingereza mwaka 1773, aliwakuta watu walioachiwa na mahakama ambao bado walikuwa ndani kwa kushindwa kumlipa askari jela ada yake.

Tukijenga zaidi, tatizo si litaisha?

Mara nyingine ndiyo. Shule iliyo na madarasa sita kwa watoto elfu mbili haihitaji falsafa, inahitaji madarasa. Lakini jengo bila watu wa kulifanyia kazi huhamisha tatizo. Mwaka 1996 jimbo la California liliamua darasa la watoto wadogo lisizidi wanafunzi 20, kutoka karibu 30. Ghafla zikahitajika maelfu ya walimu. Wengi walioajiriwa hawakuwa na cheti, na walimu wazoefu wa shule za mitaa maskini walihamia nafasi mpya zilizofunguka kwenye mitaa yenye uwezo. Madarasa yakawa madogo, na mtoto maskini akajikuta na mwalimu asiye na uzoefu.

Jimbo hilo hilo ni somo kwa magereza. Kuanzia miaka ya 1980 lilijenga magereza mapya zaidi ya 20, na bado kufikia 2011 lilikuwa na wafungwa karibu mara mbili ya uwezo wa majengo kwa zaidi ya muongo mzima. Vitanda vya ghorofa tatu vilipangwa kwenye kumbi za michezo, na hati ya hukumu inataja hadi wafungwa 54 kwa choo kimoja. Mei 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha amri kwamba idadi ishushwe hadi asilimia 137.5 ya uwezo. Angalia namba hiyo vizuri: hata amri ya kupunguza haikudai gereza liwe na nafasi kwa kila aliyemo.

Na wenye nafasi tupu? Uholanzi ilipopungukiwa na wafungwa, iliikodishia Ubelgiji gereza la Tilburg kuanzia 2010, na Norway ikakodi la Norgerhaven kuanzia 2015. Norway kwa muda mrefu ilikuwa na utaratibu unaowashangaza wengi: aliyehukumiwa kwa kosa lisilo la hatari alisubiri nyumbani hadi nafasi ipatikane, badala ya kubanwa selo na wengine. Una hasara zake, maana mtu anaishi miezi na kifungo kikimning'inia kichwani. Lakini foleni ilikuwa nje ya gereza, na serikali iliiona.

Vipi kuhusu msamaha wa wafungwa?

Hupumzisha, hautibu. Mwaka 2006 Italia ilipitisha sheria ya kupunguza vifungo, na wafungwa wakashuka kutoka takriban 61,000 hadi karibu 39,000. Sheria zilizokuwa zinawaingiza hazikuguswa. Kufikia 2010 walikuwa wamevuka 67,000. Januari 2013, katika kesi ya Torreggiani iliyofunguliwa na wafungwa saba, baadhi yao wakiishi watatu katika selo ya mita za mraba 9, Mahakama ya Ulaya iliipa Italia mwaka mmoja kupata suluhisho. Msamaha ukifuatiwa na mabadiliko ya sheria unakuwa nafasi ya kuvuta pumzi. Peke yake ni mzunguko.

Mahabusu ni sehemu kubwa kiasi gani ya tatizo?

Duniani kote takriban mtu mmoja kati ya watatu walio gerezani hajahukumiwa. Katika nchi nyingi maskini ni zaidi ya nusu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 9, unasema wazi kwamba kumweka mtu kizuizini akisubiri kesi kusiwe kanuni ya kawaida.

Wengi wao hawako ndani kwa kuwa ni hatari. Dhamana iliwekwa juu kuliko uwezo wao, au mdhamini hakuwa na hati inayotakiwa, au upelelezi haujakamilika na kesi inaahirishwa wiki mbili mbili. Ajabu ni kwamba wengine wakihukumiwa huachiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu muda waliokaa rumande umezidi kifungo chenyewe. Hapa gereza linajazwa na kalenda ya mahakama, na hakuna mkuu wa gereza anayeweza kulitatua hilo kwa vitanda.

Madhara kwa afya ni yapi, na yananihusu vipi mimi niliye nje?

Usiku katika selo iliyofurika watu hulala ubavu, mzungu wa nne, na mmoja akichoka upande wake safu nzima hugeuka. Wengine hulala kwa zamu. Hewa inayovutwa ni ile iliyotoka kwenye kifua cha jirani. Kifua kikuu hakihitaji zaidi ya hapo. Upele, kuhara na homa ya ini hufuata njia zao.

Hayabaki ndani. Askari magereza hurudi nyumbani kila siku, mahabusu hupelekwa mahakamani, wafungwa humaliza vifungo. Mwaka 1750 mahabusu wa jela ya Newgate walipeleka homa ya chawa (tifasi) katika mahakama ya Old Bailey jijini London. Meya wa jiji alikufa, na majaji wawili pia.

Kuna hatari nyingine ya ghafla. Februari 2012 gereza la Comayagua nchini Honduras liliwaka moto usiku. Zaidi ya watu 350 walikufa, wengi wakiwa wamefungiwa selo zilizojaa. Katika jengo lililofurika, swali la nani ana funguo saa nane ya usiku ni swali la afya.

Kulaza wagonjwa wawili kitanda kimoja kuna ubaya gani, kama wote wanatibiwa?

Kuna ubaya mkubwa. Hospitali ya Hôtel-Dieu ya Paris iliwahi kulaza watu wanne hadi sita kwenye kitanda kimoja, na daktari Jacques Tenon alipoieleza hali hiyo mwaka 1788 aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wakiambukizana kile ambacho hawakuja nacho. Siku hizi hatari ni ile ile pamoja na mpya: dawa kwenda kwa mtu asiyehusika, dripu kung'olewa usiku, kidonda kugusana na shuka ya mwingine. Kwa wazazi waliojifungua hatari inahusu pia watoto.

Ikibidi mtu alale chini, godoro liwe mbali na mlango wa choo na njia ya machela, pawe na angalau mita moja kati ya mgonjwa na mgonjwa, na anayekohoa awe karibu na dirisha lililo wazi. Shirika la Afya Duniani linataka lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa wa wodi ya kawaida. Dirisha lililofunguliwa pande mbili za chumba hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Na hakikisha jina la mgonjwa limeandikwa mahali linapoonekana, maana mgonjwa wa sakafuni hana namba ya kitanda na ni rahisi kurukwa raundi ikipita.

Darasa kubwa linamharibu mtoto kweli? Sisi tulisoma wengi na tulifaulu.

Waliofaulu ndio wanaouliza. Walioshindwa kujifunza kusoma hawajasoma ukurasa huu.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni wa Tennessee, Marekani. Kuanzia 1985 watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Waliokuwa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi kusoma na hesabu, na waliotoka familia maskini walinufaika zaidi. Ila matokeo hayo yanalinganisha darasa dogo na lililo dogo kidogo. Hayasemi mengi kuhusu tofauti ya 90 na 70, ambayo ndiyo tofauti ambayo shule nyingi zinaweza kumudu.

Kwa darasa la 90 tumia saa. Daftari moja likisahihishwa kwa dakika mbili tu, madaftari yote yanachukua saa tatu, kwa somo moja, kwa siku moja. Mwalimu hatafanya hivyo. Atatoa maswali machache, atapiga vema bila kusoma, au atawaambia wabadilishane wasahihishane. Anachokosa mtoto ni mtu wa kuona alipokosea.

Suala lenyewe si geni. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliweka mwalimu mmoja kwa watoto 25, msaidizi wakizidi hapo, na walimu wawili wakizidi 40. Msaidizi, hata asiye na shahada, ni wazo ambalo shule zilizofurika huliruka haraka mno.

Zamu mbili, asubuhi na mchana, ni suluhisho?

Ni la muda. Hupunguza idadi darasani mara moja, na hupunguza pia saa za masomo. Mwalimu yule yule akifundisha zamu zote, wa mchana hupata masalio.

Mamlaka ikiweka muda wa mwisho wa kumhudumia mgonjwa, inasaidia?

Inasaidia na inapotosha. Uingereza ilitaka wagonjwa wa dharura wahudumiwe ndani ya saa nne, lengo likiwa asilimia 98 mwaka 2004, na kusubiri kulipungua sana. Takwimu pia zilionyesha wimbi la wagonjwa waliohamishwa dakika za mwisho kabla ya saa ya nne kugonga. Baadhi walikuwa tayari kuhamishwa, na wengine walihamishwa na saa.

Ndugu yangu yuko rumande katika gereza lililojaa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye jalada, kabla ya kuulizia selo. Pata namba ya kesi, tarehe ya kutajwa inayofuata, kosa lilivyoandikwa na kama lina dhamana. Wengi hukaa ndani kwa dhamana iliyo wazi kwa kuwa hakuna aliyefika na vitambulisho na barua zinazohitajika. Masharti yakizidi uwezo wenu, inawezekana kuomba yapunguzwe. Omba kwa maandishi, taja kipato na makazi, na mpate wakili au msaidizi wa kisheria wa bure kama yupo.

Kesi ikiahirishwa, andika tarehe na sababu iliyotolewa. Orodha ya maahirisho kumi yenye sababu ile ile ina nguvu mbele ya hakimu kuliko malalamiko ya jumla. Hesabu pia siku alizokaa, ili zikatwe kwenye kifungo akihukumiwa.

Kama anatumia dawa za kila siku, peleka nakala ya cheti cha hospitali kwa mganga wa gereza na ubaki na nakala yako. Akianza kukohoa zaidi ya wiki mbili, kupungua uzito au kutoka jasho usiku, omba apimwe kifua kikuu, na uulize amelala karibu na nani.